Mwizi wa Chumvi wa Pito

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Majengo yalipofurika chumvi ya pakiti baada ya foleni za muda mrefu, ndipo Oswaldi wa Pito alipokatazwa chumvi. Dunia ina dhihaka zake. Figo zilikuwa zimechoka na miguu imevimba, hata viatu vya kanisani vilimkataa. Daktari alimpa mkewe, Luciana, kipimo: kijiko cha chai kisichojaa, kwa siku nzima, kwa chungu cha nyumba yote. Luciana alikishika kama katekisimu.

Uvimbe haukupungua. Kila kliniki daktari aliuliza kiasi cha chumvi, na kila mara Luciana alitaja kijiko kilekile, bila uongo.

"Basi mzee anakula kwa majirani," daktari akasema.

Neno hilo lilimwingia Luciana. Akaficha pakiti sandukuni. Akawa ananusa vidole vya mumewe akitoka matembezini, mtu mzima na mvi zake! Oswaldi aliapa hajaonja. Mwishowe Luciana akamshtaki kwenye jumuiya mbele ya majirani, na mwana wao Isdori akamkaripia baba yake hadharani. Oswaldi hakutoka tena nje. Alikula alichopewa, kimya, na Luciana, pamoja na hasira zake, alimpikia maharage yakalainika kabisa, maana alimwonea huruma.

Alipozidiwa akalazwa. Muuguzi mmoja, Monika, hakuuliza habari za kijiko.

"Shikamoo mama. Hebu nieleze unavyopika maharage. Anzia kuwasha moto."

"Marahaba. Naosha, nabandika, natia magadi..."

"Magadi kiasi gani?"

Luciana akaonyesha kidole gumba. "Na kwenye mboga kidogo. Maharage ya huku bila magadi yataiva lini, mwanangu? Tangu aanze kuumwa nimemwongezea, asipate shida kutafuna."

Monika aliketi kando yake. Kisha akamweleza taratibu kwamba ulimi hauyaiti magadi chumvi, lakini mwili unayapokea vilevile, unashika maji na kuvimba. Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa chunguni, kimetiwa kwa mapenzi.

Luciana alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba Isdori, hukuiba. Ni mkono wangu."

Oswaldi alimtazama sana. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma Luciana zaidi.

"Isdori anajua?"

"Bado."

"Mwambie aje aniamkie." Tangu siku ile ya jumuiya, mwanawe alikuwa akimpita kama gogo.

Isdori alikuwa shambani Milepa, kule bondeni. Habari ilimfikia jioni, naye akafika kesho yake mchana, matope hadi magotini. Alimkuta mama yake amekaa nje ya wodi.

"Shikamoo mama."

"Usiniamkie mimi," Luciana alisema. "Aliyekuwa akiingoja shikamoo yako ameondoka alfajiri."