Mita arobaini za njia ya miguu: jinsi nilivyoiangusha kampuni ya mzee wangu hapa Stockholm

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo naandika mimi. Sijaongeza chumvi popote, na mahali nitakapoonekana mjinga, ni kwa sababu nilikuwa mjinga.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ninayoweza kuiandika bila kutetemeka. Mtaelewa mbele.

Mimi ni Mrundi kwa damu, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Baba alitangulia, mama akafuata. Nikabaki na mdogo wangu wa kike, Imani. Niliacha shule darasa la sita ili yeye aendelee. Sijutii hilo hata siku moja.

Tulipopata bahati ya kuletwa Sweden tukapangiwa nyumba Rinkeby, mtaa wa pembeni mwa Stockholm. Imani akaingia shule. Mimi nilihudhuria masomo ya lugha miezi michache nikaacha, maana kodi haisubiri mtu amalize kitabu. Kiswidi nimekijua kwa masikio. Naongea, natania, nagombana nacho. Kukiandika, hapana.

Kazi nikaipata kwa Mzee Kizito. Huyu ni Mganda, alikuja huku zamani akiwa mkimbizi wa siasa. Alikuwa na kampuni ndogo ya kupanga mawe ya barabarani: watu sita, gari moja, kijiko kimoja kidogo, ile mashine ya kuchimbia. Yeye hajui Kirundi, mimi sijui Kiganda, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili. Aliniita "Kigoma" tangu siku ya kwanza. Miaka tisa alinifundisha kupanga mawe ya ukingo, yale mafundi wa kwetu wanaita kabstoni, mpaka nikawa msimamizi wake.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja apumzike. Alishaniambia mbele ya mkewe kwamba kampuni itakuwa yangu.

Shikeni hapo.

Sasa nieleze kidogo mambo ya huku yanavyokwenda, maana bila hivyo hamtaona nilipoteleza.

Wengi tunadhani barabara za Ulaya zinajengwa na serikali, basi. Sio kila mara. Developer, yaani mwekezaji wa majengo, akitaka kusimamisha maghorofa, kommun, yaani halmashauri ya hapa, inamwambia: watu wako watahitaji barabara, taa, miti, kituo cha basi, kwa hiyo changia. Wakati mwingine wanakubaliana kwamba developer ajenge mwenyewe kipande hicho cha barabara, halafu gharama yake ikatwe kwenye mchango anaodaiwa.

Hakuna hela inayotoka mfukoni mwa halmashauri. Ni deni tu linapunguzwa.

Na kukatiwa huko kuna masharti. Kitu kiwe kwenye mkataba. Kiwe kwenye ramani. Kikaguliwe, kikabidhiwe. Ukijenga kizuri kuliko mkataba unavyosema, hongera, lakini hukatiwi zaidi. Ikitokea kazi ya nyongeza, inaombwa kwa maandishi na inajibiwa kwa maandishi kabla hujashika sururu. Asipokatiwa developer, na wewe fundi wa chini usitegemee kulipwa.

Haya yote niliyajua. Mzee Kizito alinifundisha kabla hata ya kunifundisha kushika nyundo.

Tulipata kazi ya barabara mpya mbele ya maghorofa, upande wa njia ya kwenda Jakobsberg. Kommun nitaiacha bila jina. Developer alikuwa ameingia makubaliano ya namna hiyo niliyoeleza, na sisi tukapewa njia za miguu na mawe yote ya ukingo.

Katikati ya kazi Mzee akapigiwa simu: dada yake amefariki kwao Masaka, Uganda. Akaondoka kwenda kuzika. Aliniachia funguo za gari na neno moja.

"Kigoma, kila jambo liandike. Mimi nitakuwa napiga simu."

Mkaguzi wa kommun alikuwa mzee wa Kiswidi, mtu wa watu. Kila Jumanne alikuja kibandani kwetu saa tatu kunywa kahawa. Imani alikuwa ananipikia mandazi ya kubeba kazini, na yule mzee alikuwa akiingia anaangalia kopo la mandazi kabla hajaangalia sisi.

Jumanne moja akanichukua mpaka kituo cha basi. Akasimama, akapima kwa macho. Akasema mtu mwenye kiti cha magurudumu hawezi kugeuka pale. Njia iongezwe upana kwa urefu wa mita arobaini hivi, ukingo ushushwe, chemba ya maji ya mvua isogezwe.

Nikamwambia ramani haisemi hivyo.

Akasema, "Det löser vi." Maana yake, hilo tutalimaliza. Akanipa mkono.

Wakuu, mtu wa umri wa baba yangu, amekula chakula changu, amenipa mkono. Nilikotoka mimi, ukimwambia mtu kama huyo "nipe karatasi", umemtukana.

Fiston, Mkongo wa kwenye timu yetu aliyeniita Grand, yaani kaka mkubwa, akacheka. "Grand, ule mzungu anakula mandazi yako tatu. Hawezi tukatala tena."

Tukacheka wote.

Lakini nisijifiche nyuma ya heshima. Heshima ilikuwa kisingizio. Sikuhitaji kumuomba yeye karatasi. Nilihitaji kutuma barua pepe mistari mitatu kwa developer na kwa kommun: leo tumeambiwa hivi, tunaanza siku fulani, tunaomba mthibitishe. Mkataba wetu ulitupa siku chache za kufanya hivyo.

Na barua pepe zangu alikuwa akiziandika Imani. Mimi naongea, yeye anaandika. Miaka yote hivyo.

Wiki ile alikuwa na mitihani ya uuguzi. Na kabla yake kidogo, mbele ya rafiki yake wa darasani, alikuwa ameniambia kwa Kiswidi, "Kaka, lazima ujifunze kuandika mwenyewe sasa." Hakusema kwa ubaya. Rafiki yake akaangalia chini.

Mimi ndiye niliyembeba yule mtoto mgongoni. Ile aibu haikunitoka.

Basi jioni ile sikumuomba. Nikakaa jikoni na simu. Nikaandika "Hej". Nikatazama. Sikujua herufi za neno linalofuata. Nikaweka simu mfukoni, nikajiambia kesho.

Kesho yake tukaanza kuchimba. Baridi ilikuwa inakuja, na huku ardhi ikishaganda huchimbi tena mpaka majira yageuke.

Siku mbili baadaye Mzee akapiga simu kutoka Masaka. Nikasikia watu wa msibani nyuma yake. Nikamweleza yote: mita arobaini, chemba, mkaguzi.

"Amekubali mwenyewe?"

"Ndiyo Mzee, amenipa mkono."

"Mkono nimesikia. Umeandika?"

Wakuu, hapa ndipo penyewe. Ningesema hapana, yangeisha pale pale.

Nikasema, "Nimeandika."

"Kale," akasema, yaani sawa kwa Kiganda. "Agiza mawe."

Nikaagiza mawe ya granite kwa mkopo, kwa jina la kampuni. Tulifanya kazi nzuri sana, nasema bila kujisifu. Kila hatua nilipiga picha: kifusi, kokoto, mchanga, mawe. Nikajidanganya kwamba picha zitatosha.

Mzee alirudi, tukamaliza. Ikafika siku ya ukaguzi wa mwisho.

Yule mkaguzi mzee hakuja. Alikuwa amestaafu, kimya kimya. Akaja dada mmoja kijana, mpole, na ramani kwenye tablet. Akatembea na kipimo chake. Alipofika kituo cha basi akasimama, akapima tena, akaita.

"Hii haipo kwenye makubaliano. Kuna kitu chochote cha maandishi?"

Meneja wa developer akamgeukia Mzee Kizito. Mzee akajibu kwa kujiamini kabisa, "Ipo. Kijana wangu aliandika."

Akanitazama na tabasamu.

Nikatoa simu, nikaanza kuonyesha picha. Yule dada akaziangalia zote, hakunidharau. Mwishoni akasema picha zinaonyesha kazi imefanyika, haionekani nani aliagiza. Kisha akasema njia ni nzuri, wanaipokea yote.

Yote. Ila developer atakatiwa kile kilichoandikwa tu.

Developer naye akasema wazi: nisichokatiwa silipi.

Mzee akampigia yule mkaguzi mstaafu. Akapokea vizuri, akauliza hata habari za mandazi. Akasema anakumbuka alitoa maoni kwamba ingependeza pawe pana. Agizo, hapana, hakuwa na mamlaka ya kuagiza peke yake. Sijui kama alidanganya. Labda ndivyo alivyokumbuka.

Wiki mbili Mzee alitafuta ile barua pepe. Alidhani imepotelea kwenye mtandao. Alimpigia mtu wa kompyuta. Alimpigia mpaka katibu wa developer. Wiki mbili nilimtazama akitafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo, nami nikamsaidia kutafuta.

Mwisho akamuomba Imani, kwa kuwa ni msomi, aipekue simu yangu vizuri.

Tulikuwa sebuleni kwetu, Jumamosi mchana. Imani akaingia kwenye barua ambazo hazijatumwa. Akanigeuzia kioo cha simu. "Hej." Tarehe ya ile Jumanne.

"Kaka, du skrev aldrig." Hukuandika kabisa.

Hakupaza sauti. Akaanza kulia, akasema, "Nilikuwa chumba cha pili. Nilikuwa chumba cha pili tu, Kaka."

Nikavaa koti nikaenda kwa Mzee. Ni jengo la tatu kutoka kwetu. Nikamwambia akiwa jikoni, mkewe akiwa anakata vitunguu. Nilimwambia sikuandika, na kwamba nilimdanganya kwenye simu.

Mkewe akaacha kisu.

Mzee akavuta kiti, akakaa. Akasema, "Siku ile ungeniambia hapana, ningewaandikia mimi. Nilikuwa na simu mkononi. Siku zilikuwa bado hazijaisha."

Nikasema, "Nisamehe Mzee."

"Kusamehe nitakusamehe, nina dini. Mawe nitayalipa na nini?"

Hakuweza kuyalipa. Muuza mawe alitaka chake, mishahara ilitaka chake, kodi ya serikali ilitaka chake. Nilimpa akiba yangu yote, hata nusu ya deni haikufika. Kabla ya theluji kuyeyuka kampuni ilitangazwa kufilisika. Kijiko kikachukuliwa, gari likachukuliwa. Fiston na wenzake wakatawanyika. Fiston alipojua hakunitania tena, na kwa Fiston hiyo ni adhabu kubwa.

Mzee Kizito sasa anapanga mizigo kwenye ghala, kwa umri ule. Mke wake ananiitikia salamu. Yeye pia anaitikia. Lakini "Kigoma" haniiti tena. Ananiita kwa jina langu la kwenye karatasi.

Mimi nilikaa miezi bila kazi, kisha kampuni moja ya Waswidi ikataka kunichukua. Huku lazima waongee na bosi wako wa zamani. Sikuwa na mwingine wa kumtaja. Nikawapa namba ya Mzee, nikijua mambo yameisha.

Siku ya pili bosi mpya akaniita. Akaniambia alichoambiwa na Mzee, neno kwa neno.

"Mawe yake hayasogei. Mchukue. Ila kila siku kabla hajaenda nyumbani, mwambie akuonyeshe alichoandika."

Kwa hiyo kila siku saa tisa na nusu, mbele ya vijana wadogo kwangu, bosi ananyoosha mkono nampa simu. Anasoma, ananirekebisha herufi, ananirudishia. Jumatatu na Jumatano nipo darasani na watu wazima wenzangu. Imani alitaka kuendelea kuniandikia. Nikakataa.

Nilichojifunza ni hiki. Wanaofanya kazi za barabara, popote mlipo: halmashauri itapokea kila unachoijengea, na itahesabu kile kilichoandikwa peke yake. Hawajakuibia. Ndivyo mfumo ulivyo, na ulikuwepo kabla yako. Andika siku ile ile, hata kwa lugha mbovu.

Na wewe kaka mkubwa, dada mkubwa, uliyeacha shule ili wengine wasome: usimfiche uliyemsomesha kwamba hujui. Ulimpeleka shule ili siku moja akusaidie, na siku hiyo ikifika inauma. Iache iume.

Mimi nilichagua isiniume, akaumia mtu mwingine.

Karibuni mseme, hata matusi nitasoma. Wenye uzoefu wa kazi za nyongeza na halmashauri, za huku au za nyumbani, leteni mlivyofanya. Na kama humu kuna mtu aliyewahi kumwangusha mzee wake kisha akaweza kukaa naye tena meza moja, naomba anieleze alianzia wapi. Kati ya jengo lake na letu kuna majengo mawili tu, na bado sijajua namna ya kubisha hodi.