Mikebe ya Rangi Kando ya Jiko Langu

Mkebe wa kwanza ulipasuka nikiwa nimeinama kumimina chai, na kabla sijainua kichwa wa pili ukafuata. Mlio wa huo wa pili niliusikia kwa sikio moja tu, maana la kushoto lilikufa papo hapo. Moto ulijaa chumba kuanzia sakafuni hadi kwenye mabati, na katikati yake alikuwa Mama Mashada, amefunika uso kwa mikono, anamwita mama yake. Mlango ulikuwa mmoja na mimi ndiye niliyekuwa karibu nao. Nilitoka. Nilirudi na blanketi la muuza mitumba wa jirani, nikamfunika, nikamvuta hadi nje, lakini kwanza nilitoka, na hilo siwafichi. Alilala hospitalini siku kumi na moja. Jumanne asubuhi alituacha.

Nyinyi mnaosoma ukurasa wangu huu gazetini mnajua niliishia darasa la sita. Mhariri hunirekebishia herufi, hasira ananiachia. Basi niwaambie huyu mtu alikuwa nani. Kwa miaka tisa tuligawana chumba cha mbao na mabati hapa Nyeri, nyuma ya soko. Mimi na chai na mandazi upande wa mlangoni, yeye upande wa ndani na mashada yake ya mazishi. Alikuwa anafunga matawi ya saipresi na maua kwa waya, halafu anayapulizia rangi ya dhahabu au ya fedha kutoka kwa ile mikebe ya kubonyeza. Siku moja walikuja wake wawili wa mzee mmoja, kila mmoja anataka shada lake liwe kubwa kuliko la mwenzake. Mama Mashada hakubishana. Alichukua uzi, akapima shada la kwanza mbele yao, akapima la pili, sawasawa. "Mmeona?" akawaambia. "Sasa nendeni mlie. Huko mzee ameenda hakuna mtu yuko na futi." Mke mdogo alicheka akiwa bado na machozi. Wakabeba mashada yao, na walipofika barabarani walikuwa wameshikana mikono.

Sasa nirudi kwa mikebe. Baridi yetu ya Julai mnaijua, ukungu unashuka kutoka Nyandarua na jua hulioni hadi saa nane. Mkebe wa rangi ukipata baridi hiyo hulala. Unabonyeza, unatoa matone badala ya moshi mwembamba, na jani linaonekana kama limetapikiwa. Basi Mama Mashada akaanza kuipanga kando ya jiko langu la makaa, kama vifaranga. Nilimuuliza, "Wee, hiyo kitu ni ya kuota moto kweli?" Akanijibu, "Mama Chai, wacha nikwambie, hata mwenye duka ninakoinunua ndiye amenionyesha. Ati ikikataa, ipashe kidogo, itatoka vizuri." Nikamwambia basi asiisukume karibu sana, isinimwagie sufuria. Hayo ndiyo yaliyokuwa maonyo yangu yote. Nilijali sufuria. Asubuhi ya ajali alikuwa na maiti watatu wa kutoka mochari saa nne, na alipoingia akijipuliza vidole alisema, "Leo niko na wateja watatu, na hii baridi inataka mimi niwe wa nne." Tulicheka. Akaweka mikebe miwili karibu na makaa, na katoni nzima ilikuwa nyuma yake, chini ya meza.

Msiharakishe kumwita mjinga. Sisi watu wa mlima tunapasha kila kitu. Viatu vya shule vikilowa, kando ya jiko. Sare, kando ya jiko. Hata redio ikikoroma, mzee anatoa betri anaziweka kando ya jiko. Hakuna nyumba huku ambayo haijafanya hivyo, na kwa viatu hakuna aliyekufa. Lakini ndani ya mkebe mna gesi iliyobanwa, na ikipata joto inatafuta pa kutokea. Fundi mmoja wa pikipiki alinieleza haya baada ya ajali, akanionyesha mkebe wake wa rangi anaouweka kwenye rafu ya kivulini, mbali na jua na mbali na kila kitu chenye moto. Akasema hata ule uliokwisha haufai kutobolewa wala kutupwa kwenye takataka zinazochomwa. Nilimuuliza, "Na ukilala kwa baridi?" Akasema, "Unaungoja tu, mama. Weka ndani ya nyumba, jioni utaamka." Jambo dogo hivyo. Miaka tisa, hakuna aliyetuambia.

Na kulikuwa na wa kutuambia. Nilipata mkebe mmoja ambao haukuungua, ulikuwa umebingirika hadi mlangoni. Una karatasi ya lile duka la Kutus alikonunua, kubwa ya manjano, imezungushwa upande wote. Niliibandua kwa ukucha. Chini yake kuna mchoro wa moto na maandishi ya kusema usiuweke mahali pa joto. Mwenye duka la jumla la Kutus, ni wewe unayebandika karatasi hiyo juu ya onyo, na ni wewe uliyemfundisha kupasha. Mwenye nyumba wetu, mlango wa nyuma ulikuwepo hadi mwaka juzi, ukaupigilia mbao ili upangishe chumba kingine huko nyuma. Mama Mashada alisimama hatua mbili kutoka kwa mlango huo. Na wewe afisa wa ukaguzi, ulitupatia cheti cha usalama ukiwa ndani ya gari, kioo kikiwa kimeshushwa nusu, ukaniagiza chai na hukuingia hata kuichukua.

Wiki hii kamati ya soko imeniletea karatasi. Imeandikwa kwamba ajali ilitokana na uzembe wa marehemu, nami kama shahidi niweke sahihi, mambo yaishe. Mwenyekiti aliniambia kwa upole, "Mama, yeye ameenda, haitamuumiza." Lakini ana mama yake kijijini Gakindu, mwanamke wa kuchuma kahawa, mgongo umepinda, na karatasi hiyo itasomwa mbele yake Ijumaa mazishini. Atazika mtoto, halafu aambiwe mtoto alijiua mwenyewe kwa upumbavu. Na Jumatatu duka la Kutus litafungua, karatasi za manjano ziko tayari.

Sitaweka sahihi. Ijumaa nitasimama mbele ya huyo mama na nitaanza na langu: jiko lilikuwa langu, niliona mikebe na nikajali sufuria, na mlango ulipokuwa mmoja nilitoka wa kwanza. Nikimaliza nitakaa chini. Wewe wa Kutus, kiti chako nitakiweka karibu na changu. Njoo umwambie mama wa watu kwa mdomo wako ni kwa nini ulifunika lile onyo.