Mtaliano Hajui Kugeuka

Mtaani walimwita Mama Spoki, na jina lenyewe hakulipenda, lakini nani alimuuliza? Mwanamke anayeziba pancha barazani, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko, watu lazima wampe jina la kuchekea. Kazi alifundishwa na mumewe, fundi baiskeli mwenye maneno mengi, Mungu amrehemu, ambaye hakuweza kukaza nati bila kuipigia hadithi.

Mume alipofariki, ndugu zake walizika kama watu wanavyozika, kisha wakachukua. Kitanda, redio, koti la mvua, picha ukutani, hata cherehani ambayo mjane alinunua kwa jasho lake mwenyewe. Hata "shemeji" hawakumwita. Walisema "yule mwanamke", naye kasimama palepale anawasikia.

Kitu kimoja walikiruka. Uani, chini ya mabati mabovu, kulikuwa na fremu ya baiskeli ya mashindano, ya Kitaliano, ya zamani, imeota kutu, haina gurudumu wala usukani. Kaka mkubwa wa marehemu aliipiga teke akasema, "Chuma chakavu hiki mwachieni mwenyewe." Marehemu alikuwa akiiita Mtaliano. Alishindana nayo ujanani, ikachakaa, akaiweka akisema ipo siku ataifufua. Na siku za wanaume tunazijua.

Basi Mama Spoki akaamua kuifufua yeye. Hakuwa na kitu kingine cha mumewe ndani ya nyumba, hata shati la kunusa. Alitaka akae alipokaa mwenzake na ashike aliposhika. Hilo tu, wala hakuwa akimdai mtu.

Shida ni spea. Spea za Kitaliano angezitoa wapi? Akaokoteza. Gurudumu la mbele la Kichina, la nyuma la Kihindi, usukani wa baiskeli iliyogongwa na lori, cheni kaunga vipande viwili, siti kaishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Breki zake hazikuwa ndugu hata wa kunyonya. Lakini alizibembeleza moja moja mpaka zikakubali kuishi pamoja.

Kilichomtoa jasho ni kikombe, kile cha chuma kinachoshika gololi pale ekseli ya pedali inapopenya kwenye fremu. Kwenye baiskeli zote zilizopita mikononi mwake, kikombe cha upande wa cheni hufunguka kinyume na vingine, unazungusha kulia. Mikono yake ilishazoea, hata usingizini ingefungua. Akazungusha kulia, akaning'inia kwenye spana na uzito wake wote. Wapi! Chuma kikalia, krii, akaachia spana. Ndipo akakumbuka utani wa mumewe, ule wa kila siku: "Mtaliano hajui kugeuka, mama. Huyu pande zote mbili anafunguka kushoto." Zamani aliposikia hivyo alikuwa akimwambia, hebu niondolee domo lako hapa. Akavuta kushoto. Kikombe kikaachia kama kifuniko cha chupa.

Alikaa chini akalia kwa kwikwi. Tangu msiba watu walikuwa wamemwambia mengi, pole nyingi na nasaha nyingi, na hili ndilo lilikuwa neno la kwanza la kumfaa. Akasafisha kikombe, akakirudisha kilekile, maana kingine cha kuingia humo hakipatikani.

Siku alipompanda Mtaliano, amepigwa rangi nyekundu, mtaa mzima ulitoa macho. "Mama Spoki kapata mchumba!" walimpigia kelele, naye akacheka, jamani, akacheka hadi usukani ukayumba. Akawa anakwenda nayo sokoni, anakwenda nayo makaburini, anarudi.

Sifa zikafika kusikotakiwa. Mchana mmoja kaka mkubwa wa marehemu akaja, kavaa shati la kutokea.

"Shemeji," akasema.

Shemeji! Leo hii! Mama Spoki alimwangalia mdomoni kuhakikisha ni humo lilimotoka.

"Baiskeli hii ni ya mdogo wangu. Ni kitu cha ukoo. Haipendezi kukaa nje ya ukoo."

"Uliipiga teke."

"Uchungu wa msiba, shemeji. Usiniwekee moyoni."

"Cha marehemu ni fremu. Vingine vyote nimeokota mimi."

Alidhani mtu mzima ataona haya. Thubutu! "Basi nipe fremu," akasema. "Fundi wa stendi ataniwekea vitu vya maana, kuanzia hapo kwenye ekseli, si makorokoro haya yako."

Mama Spoki akachukua spana. Alifungua magurudumu, cheni, siti, usukani, pedali na ekseli yake, akavitia kwenye gunia. Vikombe akaviacha. Fundi wa stendi alimjua vizuri: mtu wa nguvu, spana ikigoma anaichomeka bomba kuirefusha, avute kwa nguvu zaidi. Na atazungusha kulia. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi, neno dogo tu. Akalimeza.

"Nenda salama, shemeji," akasema.

Hazikupita siku nyingi akarudi, fremu begani, shati si lile tena. Chini, pale pa ekseli, chuma kilikuwa kimepasuka, na hesi za ndani, ile mikunjo inayoshika kikombe, zimelika zote.

"Kumbe inafunguka kushoto," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Si ulitaka chenu? Nikakupa chenu. Hilo neno niliachiwa mimi."

Mwanamume akaitupa fremu barazani, ikalia kwenye saruji. "Basi chukua. Yako hiyo." Akaenda zake bila kuaga.

Ndicho kitu cha kwanza ukoo ule kumpa. Mama Spoki alitaka kucheka. Alikuwa ameisubiri siku hii, alikuwa ameitayarishia hata maneno. Aliinama akapitisha kidole kwenye ufa. Hapashiki tena kikombe hapo, cha Mchina, cha Mhindi wala cha nani. Angesema, Mtaliano angekuwa mzima, mikononi mwa watu wabaya lakini mzima, na siku mojamoja angemwona akipita barabarani. Neno pekee la mumewe alilobaki nalo, alikuwa amelitumia kumvunjia baiskeli yake.