Mkubwa Anataka Nimkane Muuguzi Niliyemfundisha Kuamua

Admin, tafadhali nifiche kabisa, maana kazini kwetu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Butembo, naishi Goma. Kazi yangu ni kufundisha timu za vituo vya afya kufanya kazi kwa wepesi, bila kungoja mkubwa kwa kila jambo. Kila asubuhi timu inasimama kwa duara, kila mtu anasema leo anafanya nini na nini kinamkwamisha. Shemeji zangu hunicheka eti nalipwa kufundisha watu wazima kusimama.

Kwenye kituo kimoja cha vilima vya Karuba somo halikuingia mpaka nilipowauliza kuhusu tipoyi, ile machela ya miti wanayobebea wagonjwa. "Mukibeba tipoyi, nani anatoaka amri ya kubadilisha bega?" Muuguzi wao, nimwite Mama Riziki, akacheka. "Hakuna chef, dada. Mwenye kuchoka anasema, mwenzake anaingia." Nikawaambia na kazi ya kituo ndiyo hivyo hivyo. Tangu hapo waliamua mambo yao wenyewe, na mkubwa wa shirika letu akawa wa kwanza kuwasifu mbele ya wafadhili.

Kisha vita vikapanda huko. Asubuhi moja milio ya risasi ilikuwa karibu na simu hazikupita. Timu ikasimama kwa duara lake, ikaamua kushusha wagonjwa hadi Mushaki, kwenye barabara ya magari. Kati yao alikuwemo mama mwenye uchungu wa kuzaa. Akajifungulia njiani, kando ya malisho ya ng'ombe, damu ikakataa kukatika. Alikufa kabla hawajafika barabarani. Mtoto yuko hai, kwa bibi yake.

Jioni ile bomu liliangukia kituo, likabomoa wodi nzima. Lakini chumba cha kuzalia hakikuguswa hata dirisha. Vita vilipotulia kidogo, familia ya marehemu ilipanda kujionea kwa macho, na sasa wanasema Mama Riziki ndiye aliyemuua binti yao.

Jumapili familia inakutana na shirika letu. Mkubwa aliniita, akafunga mlango. "Utasema haukuwafundishaka kutoka bila ruhusa. Ule muuguzi alijiamulia yeye peke. Ukikataa, utafute kazi fasi ingine." Nilitoka na hasira. Alipokuwa anasifiwa, uamuzi ulikuwa wa kwetu sote! Mume wangu naye anasema ninyamaze, maana mshahara wangu ndio unaotulisha sisi na ndugu zake waliokimbia Masisi. Mama Riziki amejificha, vijana wa ile familia wanamtafuta. Kwa simu hakunilaumu. "Dada, weye sema tu vile tulifanyaka." Nililia.

Nilikuwa nimeshaamua kusema ukweli. Lakini jana mume wa marehemu akanipigia. Hakupaza sauti. "Mama, nikuulize kitu. Kama wangebakia kule, muke wangu angepona?" Nikamjibu sijui. Akasema, "Basi, utakuya kuniambia Jumapili."

Ndugu zangu, maji yamenifika shingoni. Nikimkana Mama Riziki nitakuwa nimemtoa kafara. Nikimtetea, itabidi nimtazame machoni baba huyu na kumwambia mke wake alikufa kwa uamuzi mzuri. Nyinyi mliowahi kufiwa, nishaurini: maneno hayo mngeweza kuyasikia?