Mzungu wa miwati kanifundisha breki

Jamani, leo mimi fundi nimefundishwa breki na Mzungu wa shamba la miti ya miwati!

Gari lake la mashindano, akipiga breki kali kwenye uwanja wa ndege wa Njombe, nyuma inataka kuja mbele.

Nikamwambia, "Bwana, tulegeze breki za nyuma. Uzito hukimbilia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, matairi yanateleza."

Akacheka. "Breki hukazwa, fundi!"

Haya. Nikakaza.

Akazunguka mara tatu, akaingia shamba la viazi kando ya uwanja kinyumenyume.

Nikalegeza kimyakimya. Akarudia, gari likasimama limenyooka.

Wageni wake wa Makambako, waliokuja kutazama, wakampigia makofi. Naye akanigeukia, polepole, kama anamfunza mtoto: "Unaona, fundi? Uzito hukimbilia mbele."

Nyie mngemjibuje?

Mimi nilisema, "Ndiyo, Bwana," huku nachomoa majani ya viazi kwenye bampa lake.