Kiungo cha Saba

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nishikapo spana, na leo nakusimulia kwa sababu kesho unaanza kazi. Nasikia umepata kibarua hospitali ya misheni, kutandaza mabomba ya ile mashine mpya inayovuta joto kwenye maji ya kisima ili wagonjwa waoge maji ya moto. Mashine hiyo siijui, nisikudanganye. Lakini waliponieleza kwamba maji yanakwenda kwa bomba moja, yanarudi kwa jingine, na yote mawili yanafukiwa ardhini, nilijua la kukuambia. Hapo kwenye kufukia ndipo nilipoharibikiwa.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, fundi msaidizi wa Mzee Selemani. Tulikuwa tunavuta maji kutoka chemchemi ya kilimani hadi kijiji kimoja upande wa Kilimarondo. Kina mama wa pale walichota maji mtoni, na mtoni tembo nao walikunywa. Ndiyo maana wanakijiji walichimba mtaro ule wenyewe, wanaume kwa wanawake, udongo mkavu kama tofali. Chakula alitupikia Mama Saidi, mke wa Mzee Hamisi, mwenyeji wetu pale. Alikuwa mtani wangu. Akiniona nachukua ugali mara ya tatu, husema, "Anselmi, bomba lako wewe halijai?"

Mzee Selemani alikuwa na desturi yake. Bomba lilifukiwa, ila viungo, pale kipande kinapoungana na kipande, viliachwa wazi. Kisha tulijaza maji, tukafunga koki ya mwisho, na juu ya kila kiungo tukanyunyiza majivu makavu ya jikoni. Asubuhi tulikagua. Majivu yakibaki meupe, fukia. Yakiloa, fungua ukaze upya. Alisema jicho la fundi huchoka, lakini majivu hayana haya ya kusema.

Asubuhi ya mwisho alinituma nikague peke yangu, kwa kuwa mguu ulikuwa unamsumbua. Vilikuwa viungo tisa. Cha kwanza hadi cha sita, vyeupe. Cha saba kilikuwa na doa, dogo tu, la ukubwa wa kucha. Mwanangu, nililiona. Kulirekebisha kulitaka kumwaga maji yote, kufungua, kukaza, kujaza, na kusubiri tena mpaka kesho yake. Na lori la mjini lilikuwa linaondoka saa nne, na Ruangwa kulikuwa na mechi ambayo vijana wote wa Nachingwea walikuwa wanaizungumzia. Nikajiambia ni umande. Umande gani, kiangazi kile? Nikafukia.

"Vyote vikavu?" Mzee Selemani aliniuliza.

"Vikavu, mzee."

Mechi yenyewe tulifungwa. Nacheka, lakini si kicheko.

Maji yalitoka wiki tatu. Kina mama walipiga vigelegele, Mama Saidi akanimwagia kopo zima kichwani kwa furaha. Kisha yakapungua, yakawa matone, halafu bomba likakauka kabisa. Sisi tulikuwa Mandawa kwenye kazi nyingine, na taarifa ilichukua siku kadhaa kutufikia. Tulipofika kijijini tukakuta watu wamekaa chini nje ya nyumba ya Mzee Hamisi. Mama Saidi alikuwa amerudi mtoni alfajiri na ndoo yake, kama zamani. Tembo walikuwa pale. Alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mzee Selemani hakupumzika. Alichimba kwa mikono yake mwenyewe hadi kiungo cha saba. Bomba lilikuwa limechomoka, na udongo wote pembeni umekuwa tope. Alinitazama, kisha akaanza kukirekebisha. Jioni, mbele ya wanakijiji, alisimama akasema, "Kosa ni langu. Fundi ni mimi." Nami nilikuwa nimekaa nyuma yake, mzima, nina ulimi, nikanyamaza.

Njiani kurudi ndipo aliponiambia. "Kiungo kuvuja si dhambi, Anselmi. Hata mimi vimenivujia vingi. Ungesema 'kimelowa', tungekichimba wote wawili tukicheka. Sasa hata mimi nimekusitiri, na nimefanya vibaya." Baada ya kazi hiyo hakunichukua tena. Alikufa akilaumiwa kwa uzembe wangu, na mimi ndiye niliyeendelea kuitwa fundi hodari.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu mno, mwanangu, na bado naitembea. Mara nyingi nilikwenda kwa Mzee Hamisi nikiwa nimepanga kumweleza. Alinikaribisha, akanikatia mapapai, akaniita "fundi wetu", nami nikarudi nyumbani na maneno yangu tumboni. Mwaka juzi alifariki. Nilibeba jeneza lake kwa bega hili. Hakuna tena wa kumwomba radhi, na hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe.

Basi sikiliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kwanza ni ule unaouona peke yako. Ukiona doa, liseme siku hiyohiyo, hata kama lori linapiga honi, hata kama mkubwa wako atakasirika. Ukiwa umeshakosea, nenda kwa uliyemkosea angali anapumua. Usingoje ujasiri, maana haukui kwa kungojwa. Na siku ukiwa fundi mkuu, usimfiche kijana wako nyuma ya mgongo wako. Mwache asimame aseme mwenyewe, utakuwa umemwokoa.

Nenda, mwanangu. Mungu akulindie mikono, akupe moyo wa kusema "nimekosea" mapema, na akujalie usizeeke na siri. Amina.