Mama Kwenye Kanda ya Shangazi

Leo nusura mama yangu afutwe kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Nilikwenda pale Majengo, kwenye chumba cha kumbukumbu wanakohifadhi mahojiano ya watafiti, nyimbo za ngoma ya lizombe na masimulizi ya wazee. Ipo kanda ya marehemu shangazi akihojiwa kijijini kwetu, upande wa Namtumbo, kabla hatujahamishwa. Siku hizi kijiji kile ni msitu.

Binti anayehamishia kanda kwenye kompyuta akaniwekea.

Shangazi akaulizwa swali. Akanyamaza. Ndivyo alivyokuwa, hajibu mpaka alipende swali.

"Hapa hakuna kitu, babu. Nakikata kipande hiki, tusijaze kompyuta bure."

"Subiri, mjukuu wangu! Ongeza sauti."

Nyuma ya kimya kile mtu alikuwa anatwanga. Mapigo mazito, kisha mchi unagonga ukingo wa kinu, ko-ko, halafu unarudi chini.

Ni mama. Majirani walikuwa wakimtania: "Mwenzetu, unatwanga au unacheza ngoma?"

Nikafumba macho. Jogoo akawika humo humo kwenye kanda. Nikanusa pumba, nikahisi jua la asubuhi mgongoni.

"Babu, umelala?"

"Nipo nyumbani," nikamwambia. "Usikate."

Akaondoa mkono kwenye kipanya. Akarudisha nyuma, tukasikiliza wote wawili. Kisha akaniuliza mama aliitwa nani, aliandike jina lake pamoja na la shangazi.

Miaka mingi hakuna aliyeniuliza.

Nanyi, ndugu zangu, mama zenu mngewatambua kwa sauti gani?